Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kukusitiri hapa Nairobi na hukujua hata jina lake?

Binti wa Umoja

Wadau, hamjambo. Huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili Nairobi, na tangu nifike naambiwa neno lilelile: Nairobi ni shamba la mawe, kila mtu na lake, ukianguka utarukwa. Sikatai, nimewahi kurukwa. Lakini kuna siku moja inayonizuia kulikubali neno hilo lote.

Ilikuwa Januari 2016. Nimetoka kwenye mahojiano ya kazi Upper Hill, nimeteremka kwa miguu hadi mjini ili nibakishe nauli, nikapita Muthurwa kupanda matatu ya Umoja. Kwenye ule msongamano kuna mtu alinifungulia mkoba. Sikujua hadi makanga aliponigusa bega, noti amezikunja kwa urefu katikati ya vidole kama kawaida yao. "Anti, fea." Kuingiza mkono, zipu iko wazi, kibeti hakuna. Simu nayo imezima chaji. Gari limejaa, watu wamegeuka, na makanga amesikia hadithi za kuibiwa tangu asubuhi. Nikaanza kueleza, sauti ikakwama.

Kando yangu alikuwa mama mwenye gunia la mboga kutoka Marikiti, amelibana kwa magoti, maji ya mchicha yanamchuruzikia viatuni. Hakunigeukia. Alimwambia makanga, "Tuko wawili," akatoa mia. Akarudishiwa chenji, akaihesabu, akaifunga kwenye ncha ya leso. Nilipofungua mdomo kumshukuru, akaniuliza nyanya Umoja wanauza ngapi siku hizi, kana kwamba tumejuana miaka. Tukaongea nyanya hadi Hamza, akashuka.

Mimi nilikuja kuelewa baadaye kwamba alinilipia mara mbili. Nauli ni moja. Ya pili ni kwamba hakuniacha niwe ombaomba mbele ya gari zima. Alinifanya mtu wake. Hiyo ya pili ndiyo sijaisahau.

Basi naomba zenu. Nataka zile ndogo, za mtu ambaye hata mkikutana leo hutamtambua.

Fundi wa Kariobangi

Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti. 2021 nilituma kodi ya nyumba, 6,500, nikiwa juu ya ngazi. Tarakimu ya mwisho nikakosea. Jina la mpokeaji lilitokea kwenye simu, nikabonyeza bila kulisoma. Nilipogundua nikatuma ule ujumbe kwa 456 ili pesa zirudishwe, lakini zilikuwa zimeshapungua. Aliyepokea alikuwa na deni la Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, na wanaoitumia wanajua: pesa ikiingia tu, deni linajikata lenyewe.

Nikampigia nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Akashika mwanamke, watoto wanalia nyuma. "Kaka, nimeziona, nilikuwa nangoja mwenyewe apige. Zimekatwa 1,900. Nakutumia zilizobaki sasa hivi, hizo nyingine nivumilie hadi Ijumaa ya wiki ijayo." Akatuma 4,600, na ada ya kutuma akalipa yeye. Ijumaa ile, saa mbili usiku, simu ikalia: 1,900.

Jamani, mtu akiwa na deni la Fuliza, jua hali si nzuri kwake. Angeizima laini na ningemfanya nini? Ningekuwa na uwezo siku ile ningemwambia akae nazo. Sikuwa nao. Hilo linaniuma mpaka leo, na namba yake bado ninayo. Nimeihifadhi kama "Dada wa Ijumaa".

Mkaazi wa Kangemi

Julai, ile baridi ya kuuma mifupa. Nimefika saa saba usiku kutoka mashambani, basi lilichelewa, geti la ploti limefungwa na mwenye ufunguo hashiki simu. Soja wa jengo la jirani akaniita. Akanipa kiti chake karibu na jiko la makaa, akanivalisha koti lake, halafu yeye akaenda kusimama ng'ambo ya geti hadi alfajiri ili nisimwogope. Nilimwona akitetemeka. Hatukuongea maneno kumi.

Abiria wa Githurai

Nawasoma nyote na nawaamini. Ila naomba niseme na upande wangu, kwa sababu moyo unaweza kufungwa kwa kudanganywa. Pale mjini kijana alinililia ameibiwa, hana nauli ya kurudi Kitale. Nikampa mia tatu. Baada ya wiki mbili, kijana yuleyule, Kitale ileile, machozi yaleyale. Nilijisikia mjinga, nikakaa karibu mwaka mzima bila kumpa mtu yeyote chochote. Na mwaka huo najua niliwapita watu waliokuwa na shida ya kweli.

Siku hizi nafanya hivi: akisema nauli, naenda naye hadi kwenye gari nimlipie makanga mwenyewe. Akisema njaa, tunaingia kibandani, anakula chapati na maharagwe, nakunywa chai nikimngoja. Wengi wa uongo huondoka njiani. Wa kweli hula kimya kimya. Inachukua muda kuliko kutupa sarafu, lakini nimerudishiwa moyo wangu.

Mama wa Jericho

Wanangu, mimi si mwandishi, naandikiwa na mjukuu. Yangu ni ya 1998, siku ya bomu la ubalozi wa Marekani.

Nilikuwa karani katika ofisi moja karibu na pale Moi Avenue inapokutana na Haile Selassie. Ijumaa, Agosti 7, asubuhi baada ya saa nne. Tulisikia kwanza kishindo kidogo na milio kama ya risasi, tukakimbilia dirishani kutazama. Watu wengi siku ile walifanya hivyohivyo, ndiyo sababu vioo viliumiza macho ya wengi. Halafu likaja lile kubwa.

Sikuona tena. Nilihisi uso umelowa, nikawa napapasa ukuta, najikwaa kwa watu. Mkono ukanishika. Kiganja kigumu, cha mtu wa jembe au nyundo. Akasema, "Dada, nitakuwa nakwambia mbele kuna nini. Wewe usifikirie lingine." Na kweli akaniambia kila hatua. "Hapa ngazi. Kumi na mbili. Nahesabu na wewe." Tukahesabu. "Hapa kona." "Hapa vioo, usiburute mguu, inua kama unavuka mtaro." Huko nje nilisikia vilio na honi, nikamuuliza kumetokea nini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Jengo la Ufundi limeanguka. Sisi tunapita huku." Kila nilipotaka kuanguka alisema tu, "Bado hatua chache," na alikuwa ananidanganya, maana tulitembea mbali.

Akanipandisha kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka watu hospitali ya Kenyatta. Nilimng'ang'ania, sikutaka aniachie. Akauchukua mkono wangu akautia kwenye mkono wa mtu mwingine aliyekuwa ndani, akamwambia, "Mshike huyu, haoni." Halafu nikasikia viatu vyake vikikimbia kurudi kulekule.

Zaidi ya watu 200 walikufa siku ile hapa mjini. Mimi nilipona jicho moja. Sijui kama yeye alitoka salama, maana alirudi. Nimeenda kwenye ile bustani ya kumbukumbu, nimesoma majina yote ukutani, lakini ningemtafuta kwa jina gani? Uso wake sikuwahi kuuona. Ninachokijua ni kile kiganja. Mpaka leo nikisalimiana na mwanamume mwenye kiganja kigumu, huwa namshikilia kidogo.

Binti wa Umoja

Mama shikamoo. Nimesoma niko kazini, imebidi nitoke nje kwanza. Asante, na mjukuu asante kwa kuandika.

Mjomba wa Watoto Wawili

Yangu fupi. Dada yangu alijifungua akapoteza damu nyingi, tukaambiwa tutafute watu wa kutoa damu upesi. Ndugu wote wako Siaya. Nikatoka nje ya hospitali nimechanganyikiwa, nikasimama kwenye steji ya bodaboda nikawaambia tu ukweli. Walikuwa sita, wanne wakazima pikipiki. Mmoja akakataliwa kwenye mizani, hakufika kilo 50. Alisikitika kama aliyekosewa! Akaenda akanunua maziwa na mandazi ya wenzake kwa pesa yake, akaketi kuwangoja. Waliporudi steji, asubuhi ilikuwa imeisha, na asubuhi ndiyo yenye wateja. Dada yu hai, mtoto sasa yuko darasa la pili.

Makanga Mstaafu

Binti wa Umoja, niruhusu niongee kwa niaba ya yule makanga wako, kwa sababu nimefanya kazi hiyo miaka tisa, Jogoo Road hiyohiyo ya magari ya Umoja.

Watu hawajui hesabu yetu. Mwenye gari ana kiwango chake cha kila siku, mvua inyeshe, msongamano uwe, lazima kimfikie. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho changu na dereva. Kwa hiyo abiria akikosa nauli, anayeikosa si tajiri. Ni chakula changu cha mchana. Ndiyo maana tunaonekana wakali, na wakati mwingine tulikuwa wakali kupita kiasi, nakiri.

Lakini baada ya muda unawajua. Asiye na nauli kwelikweli hazungumzi. Ukianza kukusanya tu, anageuka dirishani, anaangalia nje sana, hata kama nje hakuna kitu, gari limesimama kando ya lori. Mkono uko kwenye mkoba lakini hautafuti. Mwanafunzi hufungua begi akapanga vitabu upya. Mzee hujifanya amelala.

Nikimwona wa hivyo sikumuuliza. Nilikuwa naanza kukusanya kutoka nyuma, nikifika kiti chake nanyoosha mkono kwa jirani, na yeye namwambia kwa sauti, wote wasikie, "Wewe ulishanipa," napita.