Maktaba ya bunilizi ya kisayansi nyumbani: seva ya Calibre, Calibre-Web, au Syncthing peke yake?

Msomaji_Tanga

Habari za jioni, ndugu zangu. Nyumbani tuko wasomaji watatu wa bunilizi ya kisayansi: mimi, mke wangu na mwanetu wa kidato cha pili. Vitabu vyetu vinakaribia 400, vyote mafaili ya vitabu vya kielektroniki aina ya EPUB, yasiyo na kufuli. Vingi ni vya Jules Verne na H.G. Wells kutoka Project Gutenberg, maktaba ya bure ya mtandaoni, na vilivyobaki tumevinunua. Kwa miezi miwili nimejaribu njia tatu za kuvifikisha kwenye simu na kwenye kisomeo chetu cha Android chenye wino wa kielektroniki, nikitumia kompyuta mpakato ya zamani yenye Debian (mfumo wa uendeshaji wa Linux) inayokaa juu ya kabati la sebuleni.

Ya kwanza ni seva iliyomo ndani ya Calibre yenyewe, programu ya kutunza maktaba ya vitabu vya kielektroniki. Unaiwasha, inasikiliza kwenye mlango (port) 8080, na kila aliye kwenye Wi-Fi ya nyumbani anafungua kivinjari na kusoma. Kinachonivuta zaidi ni namna Calibre inavyotunza mifululizo, kwa kuwa msomaji wa riwaya hizi anaijua adha ya hadithi fupi inayoangukia kati ya kitabu cha pili na cha tatu. Hapa naipa namba 2.5 nayo inakaa mahali pake. Hata *Walenisi* ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995 na ambayo ninayo ya karatasi tu, nimeiwekea ingizo lisilo na faili, ili mwanangu anapopekua orodha akutane nayo na ajue kwamba iko rafu ya pili.

Ya pili ni Calibre-Web, programu nyingine inayosoma hifadhidata ile ile ya Calibre kwenye kivinjari, lakini kwa sura nzuri zaidi. Ya tatu haina seva kabisa: Syncthing inanakili folda ya vitabu hadi kwenye kila kifaa, na KOReader, programu ya kusomea vitabu, inavisoma pale pale, hata Wi-Fi ikiwa imezimwa. Naelekea kuichagua ya kwanza, ila ningependa kusikia kwa walioishi na hizi nyingine muda mrefu.

Bi_Mwambao

Kaka, mimi natumia Calibre-Web hapa Mombasa kwa mwaka wa tatu sasa, na sababu yangu ni moja: kila mtu ana akaunti yake na rafu zake. Dada yangu akikiwekea kitabu alama kwamba amekimaliza, alama hiyo inabaki kwake, wala mimi siikuti kwenye orodha yangu. Kwa nyumba yenye wasomaji watano, jambo hilo limetupunguzia maswali mengi. Ukiichagua, badilisha nywila ya mwanzo kabla ya jambo jingine lolote, maana kila usakinishaji mpya huja na mtumiaji yule yule na nywila ile ile inayojulikana dunia nzima.

Fundi_Ilala

Naomba niongeze jambo ambalo halijaguswa. Orodha yote ya Calibre iko kwenye faili moja la hifadhidata (aina ya SQLite) liitwalo metadata.db, na faili hilo halipendi mabwana wawili. Usihariri kwa Calibre huku Calibre-Web nayo inaandika, na usiliache Syncthing ilinakili huku na huko kati ya kompyuta mbili zinazolifungua.

Nasema hivi kwa kuwa yalinikuta, ingawa chanzo kilikuwa kingine. Mwaka jana nilikuwa na kompyuta ndogo ya ubao mmoja inayotumia kadi ya kumbukumbu. Umeme ulikatika saa mbili usiku nikiwa katikati ya kuongeza vitabu, na asubuhi nikakuta folda zote zipo lakini orodha haifunguki. Hakikupotea kitabu hata kimoja, kwa sababu Calibre huweka kila kitabu ndani ya folda ya mwandishi wake, na kando yake faili dogo la metadata.opf lenye jina, mfululizo na namba yake. Amri ya kurejesha hifadhidata ikayapitia mafaili hayo na kuijenga orodha upya. Tangu siku hiyo nimehamia kwenye kompyuta mpakato kuukuu kama yako. Betri yake, hata ikiwa imechoka na inadumu dakika 20 tu, inatosha kuizima mashine kwa utaratibu.

Mjomba_Muscat

Mwanangu, mimi niko mbali na nyumbani, kwa hiyo naipima kwa kipimo kingine. Maktaba yangu iko Unguja, na intaneti ya pale ni ya simu, isiyo na anwani ya hadharani, hivyo seva ya aina yoyote nisingeifikia kutoka Muscat bila kujenga njia ya WireGuard (VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti) kwanza. Syncthing haikunidai hayo: vifaa vinatafutana vyenyewe, na visipoweza kuunganishwa moja kwa moja hupitisha data iliyosimbwa kwa seva za kati.

Ila ina masharti yake. KOReader huweka kando ya kila kitabu folda yenye kiambishi .sdr, ambamo huandika ukurasa ulipofikia na mistari uliyoipigia alama. Mimi na mpwa wangu tulisoma riwaya moja wiki moja, na asubuhi nikakuta mafaili yenye neno sync-conflict na tarehe katikati ya majina yao, huku alama zangu za sura nne zikiwa zimefunikwa na zake. Dawa ni kuandika *.sdr ndani ya faili la .stignore, yaani orodha ya vitu ambavyo Syncthing haitavinakili, kwenye kila kifaa, na kuifanya folda ya nyumbani iwe ya kutuma tu. Washa pia utunzaji wa matoleo ya zamani, maana anayefuta kitabu kwenye simu yake anaweza kukifuta kwa wote. Kwa Android tafuta Syncthing-Fork, kwa kuwa programu rasmi ilisitishwa Desemba 2024.

Na hiyo 2.5 yako haitafika kwenye kisomeo yenyewe. Calibre huiandika kwenye orodha yake, si ndani ya EPUB, mpaka uiamuru ipachike taarifa ndani ya faili.

Msomaji_Tanga

Hilo la mwisho, Mjomba, ndilo lililokuwa likinisumbua siku zote bila kulielewa. Kwenye kisomeo hadithi fupi zilikuwa zimetapakaa ovyo. Nimepachika taarifa kwenye vitabu vyote jioni hii, na sasa zimejipanga.

Nimeamua hivi. Kuhariri kutafanyika kwa Calibre peke yake, kwenye mashine ya kabatini. Seva yake itabaki kwa kusomea nyumbani, nikiwa nimewasha akaunti na nywila kwa kila mmoja wetu. Syncthing itapeleka upande mmoja tu kwenda kwenye kisomeo, bila metadata.db wala folda za .sdr. Calibre-Web naiahirisha, Bi Mwambao, hadi watoto wa kaka yangu watakapohamia kwetu Januari, kwani hapo tutakuwa wasomaji sita na hoja yako ya rafu itakuwa na uzito wake. Kesho nanunua diski ya nje kwa ajili ya nakala rudufu ya folda nzima, pamoja na yale mafaili madogo ya opf.