Tupeane uzoefu: mliosoma riwaya ya Frank Lloyd Wright na Mamah, mlisimama upande wa nani?

Bi Kurasa (mwanzisha mada)
Habari zenu wapenzi wa vitabu. Nimemaliza Loving Frank ya Nancy Horan, ile iliyotoka 2007, na hapa nyumbani sina wa kuongea naye. Mume wangu alinisikiliza kidogo, akasema "huyo mwanamke hana akili," akarudi kwenye mpira wake.

Ambao hamjaisoma, nawaonya mapema: mwisho nautaja, msije mkanilaumu. Kisa ni cha kweli. Mwaka 1903 Edwin Cheney na mkewe Mamah Borthwick walimpa msanifu majengo Frank Lloyd Wright kazi ya kuwachorea nyumba Oak Park, pembeni ya Chicago. Wright naye alikuwa na mke, Catherine, na watoto sita. Nyumba ikaisha, mazoea yakabaki. 1909 wakaondoka wawili hao kwenda Ulaya, yeye Mamah akiwaacha wanawe John na Martha wadogo kabisa. Magazeti yakawala nyama. Waliporudi Marekani Wright alijenga Taliesin kule Spring Green, Wisconsin, wakaishi humo. Tarehe 15 Agosti 1914, Wright akiwa kazini Chicago, mtumishi wa nyumba aitwaye Julian Carlton aliitia moto na kuwashambulia waliokuwemo kwa shoka. Walikufa watu saba: Mamah, wanawe wote wawili waliokuja kumtembelea, na wengine wanne.

Sitaki uchambuzi wa darasani. Nataka mniambie ukiwa unasoma ulisimama upande wa nani, na ni nini katika maisha yako kilichokuweka hapo. Mimi nilianza na Mamah, walipofika Berlin nikamchoka, mwishoni nikarudi kwake kwa huruma tu.

Mama Tunu
Dada, mimi kitabu hiki nilikiweka chini mara kadhaa. Mama yangu aliondoka Tanga akamfuata mwanaume Mwanza nikiwa darasa la pili. Watu wanadhani kinachouma ni siku ya kuondoka. Hapana, siku ile mtoto haelewi, anadhani safari. Kinachouma ni likizo. Unapelekwa kwa mama yako kama mgeni, umevalishwa nguo nzuri, umefundishwa usiombe kitu. Nilikuwa naomba ruhusa kufungua kabati la mama yangu mzazi!

Kwa hiyo John na Martha walivyofika Taliesin kwa likizo, mimi nilishawajua. Mwandishi anaeleza sana Mamah anavyojisikia anapowaona, anavyojitahidi. Sawa. Lakini hao watoto tunawaangalia kwa mbali mno. Nilitaka sura moja tu ya John.

Mama nilimsamehe, tunaongea kila wiki. Upande wake sikuwahi kusimama na kwenye kitabu pia sikusimama.

Mchoraji wa Saiti
Wakuu, nafanya kazi kwenye ofisi ya usanifu majengo kwa hiyo nitaongea ya upande ambao hakuna anayeujali: waliobaki ofisini.

Mwaka 1909 jamaa anaondoka, kazi zimejaa mezani. Robie House kule Chicago ilikuwa bado inajengwa! Kazi zake akamwachia Hermann von Holst, ambaye hakuwa hata mtu wa ofisi yake, na aliyebeba mzigo wa kuchora alikuwa Marion Mahony, mmoja wa wasanifu wa kwanza wanawake Marekani. Mapenzi yao yalilipiwa na watu wengine. Mimi nimeshawahi kuachiwa ofisi na bosi aliyepata "mambo yake" nje ya nchi. Wateja wanapiga simu, mkandarasi anadai michoro ya ngazi, mimi hata saini sina. Nikisoma Frank anavyozungumzia uhuru wa msanii, najiuliza mishahara ya watu iko wapi.

Jingine, na hili nalisema kwa uzoefu: hii kazi inakuingiza ndani ya maisha ya watu kuliko wanavyodhani. Ukimchorea mtu nyumba lazima umuulize nani anaamka wa kwanza, wageni wanalala wapi, mnakula pamoja au kila mtu na wakati wake, chumba cha mkwe kiwe mbali kiasi gani. Mara nyingi anayejibu ni mke, maana mume anauliza bei tu. Miezi inapita mnakaa meza moja mnabishana dirisha likae wapi. Anapata mtu anayemsikiliza na kuandika anachosema. Ile nyumba ya Cheney yenyewe ni ya matofali, imekaa chini chini, imejificha kwa barabarani, meko yake katikati. Ukiiangalia ramani unaona kabisa mchoraji alikaa sana na wenye nyumba. Ofisini kwetu kuna sheria isiyoandikwa: kikao cha nyumbani kwa mteja mnaenda wawili.

Mzee Kinondoni
Mimi niko na Edwin. Huyo bwana alilipia nyumba, akalipia aibu. 1911 akatoa talaka bila vita. Na siku ya msiba akapanda treni moja na Wright kutoka Chicago, wakapeana mikono. Mimi nisingeweza. Wangetushusha njiani.

Bi Kurasa
Mzee shikamoo, umenichekesha na msiba umo ndani yake 😂

Mswahili Illinois
Niko huku si mbali na Oak Park, nyumba hizo tunapita tukizitazama. Taliesin pia nimefika. Tangu 2019 iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO pamoja na majengo yake mengine saba. Ukiwa pale kilimani huwezi kuacha kufikiria mauaji.

Kilichonikera kitabuni ni Carlton. Mweusi, wakati ule walisema ametokea Barbados, anapika na kuhudumia mezani yeye na mkewe, halafu ghafla anashika shoka. Magazeti ya 1914 yalimwandika kwa rangi yake kwanza, unyama wake baadaye. Riwaya inampa kurasa chache mno. Shangazi yangu alifanya kazi za ndani miaka mingi, na alikuwa akisema wenye nyumba wanajua sukari imebaki kiasi gani kuliko wanavyomjua yeye. Simtetei muuaji, aliua watoto. Nasema mwandishi aliyeweza kuingia moyoni mwa Mamah angejaribu kidogo kufika jikoni.

Kalamu ya Pwani
Mkuu, hapo nakupinga. Carlton alikunywa asidi siku ileile, akafia jela wiki chache baadaye bila kueleza sababu inayoeleweka. Mwandishi angejaza pengo hilo angembebesha sababu za kubuni, na wewe ungekuwa wa kwanza kulalamika.

Mimi ni mfasiri, na kilichonishika ni kazi ya Mamah. Alisoma Chuo Kikuu cha Michigan, akawa mkutubi, kisha akatafsiri maandishi ya Ellen Key wa Sweden kwa Kiingereza. Barua alizomwandikia Key zimehifadhiwa Maktaba ya Kifalme ya Sweden, na Horan alizitumia. Sasa huyo Key alihubiri kwamba ndoa isiyo na upendo haina maana, wakati huohuo akamweka mama na malezi juu ya kila kitu. Yaani Mamah alikaa usiku akitafsiri maneno yanayompa ruhusa na yanayomhukumu. Nimewahi kutafsiri kitabu cha malezi wakati watoto wangu wako kwa bibi yao. Mhariri wangu hakujua kwa nini sura ile ilichelewa.

Mama Tunu
Kalamu, hapo umenigusa. Hilo sikuliona.

Fundi Maneno
Mnamlilia Frank kana kwamba alibaki mjane milele? Desemba hiyohiyo ya 1914 Miriam Noel alimwandikia barua ya rambirambi, na haikuchukua muda wakawa pamoja. Na Catherine alikuwa bado hajampa talaka, akaitoa 1922. Anzisheni uzi wa Catherine, huko mtanikuta.