Naombeni ushauri: nikiulizwa filamu ninayoipenda kuliko zote, nitaje ipi?

Mtoto wa Oli (mleta mada)
Salaam wakuu. Jumatatu nitakaa mbele ya watu fulani hapa Kampala, na swali moja tumeshadokezwa: filamu unayoipenda kuliko zote ni ipi, na kwa nini. Jina naweza kulitaja. Hiyo "kwa nini" ndiyo inayoninyima usingizi. Nina mbili kichwani, Queen of Katwe na Commando, ile ya Schwarzenegger ya mwaka 1985. Ungekuwa wewe ungetaja ipi? Tafadhali msinicheke, jambo hili ni zito kwangu.

Dada wa Jinja
Mimi Mississippi Masala, sisiti. Ya Mira Nair, 1991, Denzel Washington bado kijana. Inaanzia hapa hapa kwetu mwaka 1972, Amin kawapa Wahindi siku 90 waondoke. Mama yangu alikuwa yaya kwenye nyumba ya Wahindi hapa Jinja. Walipoondoka walimwachia cherehani, na cherehani hiyo ndiyo iliyotusomesha sote. Kila nikiitazama filamu ile macho yangu yanatafuta cherehani katika kila chumba. Hakuna filamu nyingine inayonifanyia hivyo.

Fundi Simu Busia
Dada, umejibu mtihani wa mwenzako. Commando! Jamaa anajiachia kutoka kwenye tairi za ndege inayopaa, anatua majini, anainuka na kuendelea na safari. Sisi shuleni tulijaribu kuruka kutoka kwenye mwembe. Rafiki yangu mpaka leo mkono haunyooki.

Mzee wa Bombo
Hivyo vibanda vya kuonyeshea video ndivyo vilivyotupotezea watoto. Mwalimu alikuwa anakwenda kuwatoa kwa kiboko saa nne asubuhi, madaftari wameyakalia kwenye benchi. Kijana, mambo ya kupenda yako mengi. Penda kazi, penda wazazi wako. Kama lazima utaje filamu, taja yenye mafunzo.

Mama Pacha
Mzee, shikamoo. Mimi nauliza, hao "watu fulani" ni akina nani? Kama ni wakwe, jibu lake ni jingine. Kama ni ubalozi wanaotoa viza, ni jingine kabisa.

Mtoto wa Oli
Si wakwe. Ni watu tu wanaohusika na mambo ya filamu.

Mama Pacha
Mwanangu, umeomba ushauri halafu unatufungia mlango. Ni nani?

Mtoto wa Oli
Sawa mama. Ni jopo la usaili. Nimeomba nafasi ya mafunzo ya kutengeneza filamu na wanachukua wachache sana. Na fomu nilishaipeleka. Niliandika Queen of Katwe.

Fundi Simu Busia
Sasa ulikuwa unatuuliza nini, ndugu yangu?

Mtoto wa Oli
Nilikuwa na sababu zangu. Ni filamu ya kwetu. Phiona Mutesi ni dada yetu, alitoka Katwe akashindana kwenye sataranji ya dunia, na kocha wake Robert Katende anajulikana. Imeongozwa na Mira Nair, mama yake Phiona kachezwa na Lupita Nyong'o, imetoka 2016, dunia nzima imeiona. Hakuna wa kubisha hapo. Nikiandika Commando wataona mtu wa kibandani tu.

Mhariri wa Picha
Mimi kazi yangu ni kuhariri filamu, nikujibu kwa ukweli. Queen of Katwe ni nzuri, na jopo litakuwa limeitajiwa mara nyingi kabla hujaingia. Ulichotuandikia ni vyeo vyake. Hujataja hata onyesho moja: taa ipo wapi, nani ananyamaza, wewe ulishika nini moyoni. Hicho ndicho watakachokidadisi.

Halafu kibanda usikionee haya. Who Killed Captain Alex? ya Isaac Nabwana, 2010, imetoka Wakaliga, mtaa wa Kampala, kwa bajeti ambayo wanasema haifiki dola 200, na watu wa mabara mengine wanaitazama. Wanaitazama ikiwa na sauti ya VJ Emmie juu yake, VJ yaani yule msimulizi anayeongea juu ya filamu. Sauti ile ni sehemu ya filamu, huwezi kuing'oa. Mimi naona hilo ni jambo kubwa ambalo Uganda imeipa sinema, na linastahili heshima kuliko tunavyolipa. Kwa hiyo nakuuliza: Commando uliitazama wapi, na VJ alikuwa nani?

Mama Pacha
Naona kanyamaza. Swali limegusa.

Mtoto wa Oli
Niliitazama Arua, kibanda kimoja pale Oli, kiingilio shilingi 200, deki na jenereta. VJ alikuwa mjomba wangu. Ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa anatafsiri kwa Kiswahili, maana pale wamekaa Walugbara, Wakakwa, Wanubi, na watu waliovuka kutoka Kongo. Anapunguza sauti ya kanda, anashika maiki, anasimulia yeye. Katika Commando yake, yule komandoo alikuwa anamtafuta mpwa wake, mtoto wa dada yake marehemu, aliyeibwa na watu wabaya. Kila alipofika hapo alinitazama mimi kwenye benchi la mbele. Mjomba alifariki mwaka jana. Nilipopata fomu hii ndipo nikaitazama ile ya Kiingereza kwa mara ya kwanza. Yule msichana, Jenny, ni binti yake wa kumzaa. Hakuna dada, hakuna marehemu. Sasa nikienda kusema naipenda Commando, ninayoipenda haipo duniani. Ndiyo maana niliandika Katwe.

Dada wa Jinja
Banange. Nimeacha kupika.

Msukuma Mwanza
Hii chai, tena imetiwa tangawizi. Yule mtoto anaita "Daddy", mtu yeyote anaelewa hata sauti ikipunguzwa. Na Arua VJ wa Kiswahili katoka wapi wakati huko Uganda ma-VJ ni wa Kiganda, akina VJ Jingo? Jamaa ameandika insha ya usaili wake, anatujaribia sisi kama italiza watu.

Fundi Simu Busia
Hata mimi nimeanza kunusa. Imekaa vizuri mno.

Mzee wa Bombo
Nilisema mapema, filamu zinafundisha uongo.

Binti wa Mto Oli
Ngojeni kidogo. Mimi nimezaliwa Oli. Sokoni kwetu ni Kiswahili na Kinubi mchana kutwa, na kibandani hivyo hivyo. Msidhani Uganda yote ni Kampala. Ninyi Tanzania mlikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, wote wanasimulia filamu za Wazungu kwa Kiswahili. Kwa nini Arua ishindwe?

Msukuma Mwanza
Lufufu namheshimu, nimekua na sauti yake. Lakini Lufufu hakubadilisha ukoo wa mtu.

Mhariri wa Picha
VJ anabadilisha kila siku. Anaweka mitaa yetu, anaweka majina yetu, jambazi wa Marekani anadaiwa kodi ya nyumba Kawempe.

Mtoto wa Oli
Kaka wa Mwanza, nilikuwa darasa la pili, Kiingereza sikijui, na mjomba alikuwa anaongea juu ya kila neno. Mwanzoni pale wanapolishana aiskrimu na kumlisha kulungu, alisema dada yake alimwachia mtoto huyu kitandani hospitali, akamwambia usimwache alale njaa. Maneno hayo mama yangu ndiye aliyemwambia yeye. Nimeyajua baadaye kwa shangazi. Ukiona ni insha, sawa, sina kanda ya kukuonyesha.

Msukuma Mwanza
Basi kama ni kweli pole sana, na Mungu amrehemu mjomba. Kama ni insha, ndiyo hiyo hiyo ukawasomee.

Mama Pacha
Mwanangu, fomu inaweza kubadilishwa?

Mtoto wa Oli
Nimewapigia asubuhi. Haibadilishwi. Ila swali linaulizwa kwa mdomo.

Mhariri wa Picha
Basi ingia, waambie uliandika Katwe, na leo unataja Commando ya Oli. Eleza kama ulivyotueleza hapa, usiongeze chumvi. Wakikuuliza ungependa kutengeneza nini, anzia kwa mtu mwenye maiki. Queen of Katwe nayo wataigusa kwa sababu ipo kwenye karatasi. Umeitazama yote?

Mtoto wa Oli
Nusu.

Mama Pacha
Malizia leo usiku, kabla umeme haujakatika.