Naombeni ushauri: laptop inagonga nyuzi 97, pesti mpya au pedi ya kuyeyuka?

Wakuu, naombeni ushauri. Laptop ina prosesa ya wati 45 na GPU (chipu ya michoro), zote zinatumia mabomba mawili ya shaba kupeleka joto kwenye mapezi. Ikipewa kazi nzito, prosesa inafika nyuzi 97 ndani ya sekunde chache, kisha spidi inashuka. Feni ni nzima, na mapezi nimeyasafisha kwa ndani (vumbi hujazana kati ya feni na mapezi; kupuliza kwa nje hakulitoi). Kinachonitia shaka ni kiini kimoja cha prosesa kuwazidi wenzake kwa nyuzi 15. Naona ni pesti (ile krimu ya kupitisha joto kutoka kwenye chipu kwenda kwenye kipoza) iliyosukumwa pembeni, maana chipu hii haina kifuniko, na kila ikipata moto na kupoa inaikamua kidogo kidogo.

Nafikiria Honeywell PTM7950, pedi ya kuyeyuka inayolainika karibu na nyuzi 45. Metali ya kimiminika badala ya pesti siitaki: galiamu iliyomo inakula alumini, na tone likidondokea bodi ni shoti.

Aliyewahi kuiweka PTM7950 anisaidie. Kwa hitisinki (kipoza cha chuma kinachobana chipu) iliyopinda kidogo, pedi hiyo inaziba pengo au pesti nzito ni bora? Na pedi za VRAM (kumbukumbu ya GPU) zimekatika. Sijui zilikuwa mm 0.5 au 1, na nikiweka nene hitisinki itanyanyuka isibane chipu. Mnapimaje pengo, au ni heri kutumia pati laini (ya kupitisha joto, inayofinyangika) badala ya pedi? Skrubu nitafunga kwa mshazari, 1 hadi 4, kidogo kidogo.