Ufukwe wa Shangani si ua wa hoteli! Mpaka lini tutafukuzwa mchangani kwetu?

Assalaam alaykum waungwana. Nina hasira na sitaki kuzificha. Yeyote mwenye dhamana ya ardhi au utalii anayesoma hapa anijibu: ni sheria ipi inayompa mlinzi wa hoteli haki ya kumnyanyua mtu aliyekaa zake mchangani, mbele ya bahari, pale Shangani, Mji Mkongwe?

Mimi ni Mpemba, kwetu Wete. Likizo hii ya skuli nimewaleta watoto Unguja pamoja na bibi yao, mama mkwe wangu. Tumekuja kutembea kama watalii wengine wote. Boti tumelipa, nyumba ya wageni tumelipa, kisiwani Changuu tumekwenda kuwaona makobe, na usiku Forodhani tumekula urojo na mishikaki mpaka watoto wakasinzia. Kote huko tulikaribishwa, maana mkono ulikuwa mfukoni. Tuliposhuka pwani kukaa bure ndipo tukageuka kero.

Ilikuwa alasiri na maji yanajaa. Anayeijua Shangani anajua maana yake. Siku za bamvua bahari yetu hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Ule mchanga mpana ambao vijana huchezea mpira maji yakitoka, wote humezwa, kikabaki kijukanda chembamba chini ya kuta. Na kijukanda hicho hicho ndicho kilichopangwa vitanda vya kuotea jua na miamvuli, safu mbele ya safu, karibu vilambwe na povu. Vingi havikuwa na mtu.

Tukatandika kanga pembeni kabisa. Watoto hawajamaliza kuvua ndara, mlinzi huyo. "Dada, hapa ni pa wageni wa hoteli, sogeeni." Nikamuuliza tusogee wapi. Akanyoosha mkono kule zinakofungwa boti, penye kamba na nanga, watoto wadogo ndio wakachezee huko! Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na kukaa kwenyewe kulimchukua muda, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, mimi nimekaa chini tu, sijakalia kitanda cha mtu." Kijana akainamisha uso, akasema ametumwa, wageni wanalalamika. Wanalalamika nini? Hakusema. Na hatua chache kutoka tulipo, wazungu wawili walikuwa wamekaa mchangani vilevile na mabegi yao ya safari, wanapatana na papasi, dalali wa watalii, bei ya boti ya kwenda fungu la mchanga la Nakupenda. Kama ni wageni wa hoteli ile, mbona hata hawakuulizwa? Papasi naye hakuulizwa. Aliyeambiwa ainuke ni bi mkubwa wa baibui na wajukuu zake. Tukainuka, maana sikutaka mtu mzima azozwe mbele ya wajukuu.

Mdogo akaniuliza njiani, "Mama, tumefanya nini?"

Sasa tuongee sheria, maana najua watakuja wa "hoteli inalipa kodi". Sheria ya ardhi ya Zanzibar, namba 12 ya 1992, inasema ardhi yote ya asili ni mali ya umma, iko chini ya Rais kwa matumizi na manufaa ya watu wa Zanzibar. Mwekezaji anakodishwa kipande chenye mipaka. Huko mashamba, Nungwi, Paje na Kiwengwa, hoteli inatakiwa ijenge mita 30 kutoka alama ya maji makubwa. Mjini majumba ni ya zamani, kuta zimekaa baharini tangu enzi za masultani, mita 30 hazipatikani. Sawa. Lakini hapo ndipo kosa linapokuwa kubwa zaidi! Kama ukuta wako umeshafika mwisho wa nchi kavu, basi huna mbele yako hata shubiri moja ya kuita yako. Kila kitanda kilichoko nje ya ukuta kimekaa juu ya ardhi ya umma. Kodi ya jengo hainunui bahari.

Wengine watasema wenyeji wanaiba na wanasumbua wageni. Mwizi ana polisi wake. Huwezi kumhesabu mwizi kila anayezungumza Kiswahili mchangani.

Na kuna hili linaloniuma kuliko yote. Kila jioni maji yakijaa, watoto wa mjini wanajitupa baharini kutoka ukuta wa Forodhani, wanapiga misamba hewani, na umati wa wageni umesimama na simu. Zile picha mnazijua, zimezagaa kila palipo tangazo la Zanzibar. Mtoto akiruka anaivutia nchi watalii, na mwaka 2024 waliingia zaidi ya 700,000. Mtoto huyo huyo akitoka majini akakaa kukauka chini ya ukuta wa hoteli, anafukuzwa. Hao wageni wamekuja kutuona sisi na mji wetu. Mji gani utabaki tukishaondolewa?

Wakati huohuo, kinachostahili kulalamikiwa hakina mlinzi. Maji machafu ya Mji Mkongwe miaka yote hii yanamwagwa baharini. Humo ndimo anamoogelea mtalii na ndimo anamoogelea mwanangu. Nguvu za kusukuma bibi na wajukuu zingekwenda huko.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Wekeni mabango ya Kiswahili Shangani yanayosema ufukwe ni wa watu wote. Maji yakijaa, vitanda virudishwe ndani ya kuta, watu wapate pa kupita na pa kukaa. Na hoteli iliyopewa karatasi yoyote ya kuumiliki mchanga ule iitoe tuione, aliyeisaini ajulikane.

Barua naiandika wiki hii, moja kwa wanaosimamia ardhi, moja kwa wanaosimamia utalii, na nakala kwa mwakilishi wetu. Sitaki iwe na malalamiko yangu peke yangu. Wewe uliyewahi kufukuzwa, iwe Shangani, Kendwa, Nungwi, Jambiani au popote, andika hapa chini ufukwe gani, mwezi gani na uliambiwa maneno gani. Majina ya walinzi msiyataje, vijana wale wametumwa na wana watoto wa kulisha. Mwanasheria yeyote mliyemo humu anayejua mipaka ya maji makubwa inavyopimwa mjini, naomba aje anisaidie kuandika kifungu hicho kabla sijaipeleka.