Jina Chiara: mashuhuri ni akina nani, na somo wa ubatizo awe yupi?

Mzawa_Kirumba: Wakuu, binti ataitwa Chiara. Bibi zake wanasema hilo jina ni la yule Mwitalia wa mitindo tu, katekista naye anataka mtakatifu. Nitajieni akina Chiara wanaojulikana, na namna ya kuliandika kwenye cheti lisiharibike.

Katekista_Sengerema: Hongereni sana. Mtakatifu yupo, ni huyu huyu Klara wa Asizi. Kwao Italia ndiye Chiara. Alizaliwa karibu mwaka 1194, akatoroka nyumbani usiku wa Jumapili ya Matawi kumfuata Fransisko. Ndiye mwanamke wa kwanza kuwaandikia watawa wa kike kanuni ya maisha ikapitishwa na Papa: Inosenti wa Nne aliipitisha 9 Agosti 1253, siku mbili kabla Klara hajafariki. Mwaka 1958 Papa Pius wa Kumi na Mbili alimfanya msimamizi wa televisheni, maana husimuliwa kwamba akiwa mgonjwa kitandani aliiona Misa ya Noeli ukutani mwa chumba chake.

Sikukuu yake ni 11 Agosti. Misale (vitabu vya Misa) za zamani zina 12, msizifuate, kalenda ilishabadilishwa. Tarehe 17 ni ya Chiara wa Montefalco, mtawa wa Shirika la Mtakatifu Augustino aliyefariki 1308. Mwezi ni mmoja, ndiyo maana watu huwachanganya.

Mama_Igoma: Ongezeni Chiara Lubich wa Trento (1920–2008), mwanzilishi wa Wafokolari, chama cha kiroho cha Kikatoliki. Alibatizwa Silvia, la Chiara alilichukua ukubwani kwa ajili ya huyo wa Asizi. Chiara Badano alikufa kwa saratani ya mifupa mwaka 1990 akiwa na miaka 18. Huyo ni Mwenyeheri (ngazi iliyo chini ya Mtakatifu) tangu 2010, hivyo kwenye kadi za mwaliko msimwite Mtakatifu.

Wa mitindo ni Chiara Ferragni, mzaliwa wa Cremona 1987, aliyeanzia kwenye blogu mwaka 2009. Chiara Mastroianni ni mwigizaji wa Ufaransa, binti wa Marcello Mastroianni na Catherine Deneuve. Kiara Advani wa sinema za Kihindi simhesabu: alizaliwa Alia, na jina alilojichagulia ni Kiara, si Chiara.

Karani_Ilemela: Cheti sasa. Linatamkwa Kiara, kwa hiyo ukilitaja kwa mdomo litaandikwa Kiara. Mpe muuguzi karatasi yenye herufi kubwa kabla hajajaza tangazo la kizazi (fomu ya hospitali ya kuzaliwa mtoto), kwa kuwa cheti hufuata kilichoandikwa pale. Msajili ndani ya siku 90. Ukikabidhiwa cheti, kisome herufi kwa herufi ukiwa bado dirishani. Inayoruka mara nyingi ni H. Ukiliacha hivyo, kosa litahamia usajili wa darasa la saba, kisha NIDA (kitambulisho cha taifa), na hapo utaanza kuzunguka na viapo vya wakili.

Mzawa_Kirumba: Nimeelewa. Lazima abatizwe Klara?

Katekista_Sengerema: Si lazima. Abatizwe Chiara kama cheti kinavyosema, majina yasije kupishana. Paroko mwambie tu somo wake ni Klara wa Asizi.