Wamenizibia maegesho kwa theluji, wakalivuta gari langu, kisha wakafunga ofisi wakaenda zao Krismasi

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, atakayeona tahajia imepinda anivumilie. Mods, naomba huu uzi usiunganishwe na ule wa maisha ya ughaibuni. Kule watu wanatupia picha na miti ya Krismasi, mimi hapa nina dola 495 zimeniondoka kwa kosa ambalo mpaka leo silielewi.

Nipo Maine. Kwa wasiolijua, ni jimbo la pembeni kabisa kaskazini mashariki mwa Marekani, ukisogea mbele unaingia Canada. Mji wenyewe sitautaja, ni mdogo kiasi kwamba ukikohoa posta, duka la dawa wanakuandalia dawa. Barabara kuu moja, vituo viwili vya mafuta, kanisa kila kona, na kiwanda cha karatasi kilichofungwa zamani. Waswahili tupo kaya kumi na kitu, wengi Wakongo na Warundi. Watanzania tupo wawili, na mwenzangu tumenuniana.

Sasa sikilizeni. Tarehe 23 niliingia shifti ya saa tisa alasiri mpaka saa tano usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, maili 11 kutoka ninapokaa. Kazini simu inakaa kabatini, ukikutwa nayo mfukoni unaandikiwa barua. Theluji ilianza saa kumi jioni. Natoka saa tano imeshafika inchi saba, naendesha kama nasindikiza maiti, nafika nyumbani saa sita kasorobo.

Nikakuta maegesho yetu yamezibwa. Kwa mliopo Dar niwaeleze: magari ya mji yenye jembe mbele, tunaita plau, yanapita yakikwangua barabara na kusukumia theluji pembeni. Na huko pembeni ndiko iliko midomo ya maegesho ya watu. Tuta lilikuwa linanifika magotini. Na theluji ya plau si ile laini ya kwenye kadi za sikukuu. Imeshindiliwa, imechanganyika na chumvi na mchanga, ukiiacha saa mbili inakuwa zege. Chepe langu liko wapi? Bandani. Banda liko wapi? Nyuma ya tuta.

Nilikuwa nimeshinda nageuza na kuogesha wazee wanane, mgongo hauna hamu. Nikasema napaki kando ya barabara, nalala kidogo, alfajiri nachimba. Saa kumi na mbili asubuhi nachungulia dirishani, gari hakuna. Mahali pake pamekwanguliwa vizuri kabisa, safi, kama hapajawahi kukaa kitu.

Nilijua nimeibiwa. Napiga polisi, dada wa zamu akacheka kidogo (nilimsikia, asibishe), akasema halijaibwa, limevutwa, kulikuwa na marufuku ya kupaki barabarani kuanzia saa sita usiku. Ilitangazwa lini? Saa kumi na moja jioni. Wapi? Kwenye ukurasa wa Facebook wa mji na kwenye tovuti yao. Saa kumi na moja jioni mimi nilikuwa namlisha supu bibi wa miaka 94, simu iko kabatini.

Msinielewe vibaya. Marufuku yenyewe naikubali. Magari yakijaa barabarani plau haipiti, plau isipopita ambulensi haipiti, na huku mtu akianguka kwenye barafu usiku hana muda mrefu. Ugomvi wangu ni mwepesi: aliyeniziba nisiingie kwangu ni mji. Aliyenivuta kwa sababu sikuingia kwangu ni mji huohuo. Katikati ya hayo mawili kuna robo saa, na hiyo robo saa nilitakiwa nichimbe tani ya zege kwa mikono kwa sababu chepe liko upande wa pili.

Hapo bado. Yadi ya magari yaliyovutwa wanataka karatasi ya ruhusa kutoka mjini. Karatasi inatolewa dirisha la ofisi ya mji baada ya kulipa faini. Wanataka na kadi ya gari, ambayo iko ndani ya gari, ambalo liko yadi. Jirani yangu mzee mmoja Mzungu akanipakia kwenye pikapu yake, tukaenda yadi kuomba kadi, wakatuzungusha, tukakimbilia ofisini. Tumefika saa sita na dakika kumi mchana, tarehe 24. Mlangoni kuna karatasi yenye picha ya kengele na utepe mwekundu: Krismasi njema, tutafungua Jumatatu.

Krismasi ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ni tarehe 29. Nimekaa kwenye ile pikapu nikaanza kuhesabu kwa vidole mbele ya mzee wa watu, akadhani nasali.

Na ndiyo hesabu yenyewe hii. Kuvuta gari 175. Faini 50. Kuhifadhi gari 45 kwa siku, siku sita, tarehe 24 mpaka 29, jumla 270. Yaani siku ambazo wao wenyewe wamefunga geti, hata ningekuja na gunia la hela nisingelipewa, wameniandikia nililipie. Nilimuuliza kijana wa yadi: siku ya Krismasi nani alikuwa analinda gari langu? Akanijibu, kamera. Nimemlipa kamera dola 45 za sikukuu. Mimi mwenyewe kazini sikukuu nalipwa mara moja na nusu, hiyo kamera imenishinda.

Najua kuna mjuaji atakuja kusema hata kwetu Desemba kunafungwa. Kweli. Mangi akishapanda basi la Moshi, mtaa mzima Dar unatafuta unga kama wakimbizi. Lakini Mangi anakwambia wiki nzima kabla: jirani chukua mapema, narudi tarehe tano. Anamwacha na mpwa wake dukani anauza vocha na mkate. Na kubwa kuliko yote, Mangi hajawahi kufunga duka halafu akanidai hela ya kusimama nje ya duka lililofungwa.

Basi, usafiri. Mji hauna basi siku za sikukuu, na siku za kawaida lipo moja ambalo likikuacha umeachwa. Teksi hamna. Za kuita kwenye simu, ukifungua programu unaona kigari kimoja kiko umbali wa dakika 50, ukikiita kinapotea. Shifti ya Krismasi nimekwenda kwa kumlipa mfanyakazi mwenzangu mafuta, na kurudi nimelala kwenye kochi la chumba cha mapumziko mpaka asubuhi. Wale wazee wana watoto wao humuhumu mjini, wamefunga ofisi, wapo nyumbani wanakata nyama ya bata mzinga, na mimi ndiye niliyewavalisha wazazi wao soksi nyekundu za sikukuu. Sisemi kwa ubaya, ni kazi na nimeiomba mwenyewe. Ila ofisi ya mji ikae ikijua nani anabaki macho wao wakilala.

Takataka nazo. Wiki ya sikukuu gari linasogea siku moja mbele, wenyeji wanajua toka wazaliwe, sisi tumetoa mifuko siku ileile ya kila wiki. Kunguru wa Maine hawana Krismasi. Nimeokota maganda ya ndizi kwenye theluji nusu saa.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi si hela peke yake. Ni usiku wa tarehe 25.

Ghorofa ya chini anakaa mama mmoja wa Bukavu na watoto watatu. Saa mbili usiku ananipigia nikiwa kazini, bahati nzuri nilikuwa mapumziko: "Kaka, mazutu imeisha, batoto banalala na makoti." Mazutu ndiyo mafuta ya kupashia nyumba. Huku Maine nyumba nyingi bado zinapashwa joto kwa mafuta yanayoletwa na lori, yanajazwa kwenye tangi chini ya nyumba, boila inayachoma. Tangi likikauka boila inazima, na nyumba ya mbao ikipoa kwenye baridi ile, asubuhi mabomba ya maji yanapasuka.

Joto letu limo ndani ya kodi. Sheria ya jimbo inataka mwenye nyumba awe na mtambo unaoweza kushikilia nyuzi 68 za Fahrenheit, yaani 20 za kwetu, hata nje kukiwa hasi 20 zao, ambazo ni kama hasi 29 zetu. Sheria nzuri sana. Mwenye nyumba yuko Florida, simu inaita mpaka inachoka. Kampuni ya mafuta inasema kuanzia galoni 100, na kuja usiku wa sikukuu kuna ada juu yake, na nani atalipa. Namba ya dharura ya mji inapokewa na mashine, Kiingereza kitupu, inakutaka ubonyeze namba. Yule mama Kiingereza chake bado ni cha darasani. Amebonyeza, ikamtakia sikukuu njema, ikakata.

Aliyemwokoa ni yuleyule mzee wa pikapu. Babu zake walitoka Quebec kuja kufanya kazi viwandani huku, yeye mwenyewe amestaafu kiwanda cha karatasi, na kwao walikuwa wakiongea Kifaransa. Mama wa Bukavu naye Kifaransa amekisoma shule. Wamekaa miaka miwili nyumba jirani wakipungiana mkono tu, usiku ule ndio wamegundua wanaelewana. Mzee ameenda kituo cha mafuta, amenunua dizeli galoni tano kwenye kidumu, akamimina kwenye tangi, akafungua kibomba akatoa hewa kwenye mrija, akabonyeza kitufe chekundu mara moja, boila ikaguruma. Dizeli inawaka humo bila shida, nami ndio nimejifunza juzi. Galoni tano zimewavusha mpaka kesho yake. Mama anasema mzee alikataa hela, akakubali sambusa.

Kwa hiyo msije na habari ya kwamba Wazungu wa huku hawana utu. Ile dhoruba ya tarehe 18 Desemba 2023, wateja zaidi ya 400,000 walikosa umeme jimbo zima na mito ikafurika, wengine walikaa gizani siku kadhaa, karibu na Krismasi kabisa. Mtaa wetu watu walipitishiana waya wa jenereta dirishani, zimamoto wakafungua jengo lao watu wakaote joto na kuchaji simu. Hakuna aliyeuliza mtu katoka wapi. Watu wa mji huu nawaheshimu. Ninaowasema ni wale wa dirishani.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ananiambia ningejiandikisha kupata ujumbe wa simu wa marufuku. Mkuu, nimejiandikisha tarehe 29, baada ya yule dada wa dirishani kuniambia huduma hiyo ipo. Nimekaa mji huu miaka minne, nimelipia gari kwenye dirisha hilohilo kila mwaka, hakuna siku amewahi kuniambia. Na hata ujumbe ungekuja, simu iko kabatini. Soma uzi kabla hujajibu.

NYONGEZA 2: Anayeuliza kama nimekata rufaa. Faini ya 50 nimeandika barua, wananiita mwezi wa kwanza. Ile 270 ya yadi dada wa dirishani kasema ni mambo ya yadi, yadi kasema mkataba wao ni na mji. Wamerushiana mpira mbele yangu, nimesimama katikati na risiti. Kuna kikao cha madiwani, mwananchi anapewa dakika tatu. Si raia, kura sina, ila dakika tatu ninazo, na yule mzee kasema atakuja, kasema anataka kuwauliza plau inamzibia nani na kwa ruhusa ya nani. Kama kuna mtu wa Lewiston au Portland humu aliyewahi kurudishiwa hela ya kuhifadhi gari kwa siku ambazo yadi imefungwa, naomba aje PM anipe maneno aliyotumia. Neno kwa neno, mimi Kiingereza cha ofisini hunikimbia nikikasirika.

Na wewe unayesema nirudi nyumbani kama sitaki theluji, nauli ya Desemba unaijua? Nichangie basi.

Leo ni tarehe 30. Utabiri wa kesho usiku ni inchi tano mpaka nane, na ofisi inafunga saa sita mchana. Mzee amenipa nafasi uani kwake, nyuma ya pikapu. Chepe nimelihamishia kwenye buti.